Shekhar Mehta: Bingwa wa Safari na hesabu ya breki

Kila Safari Rally ikija, barabara ya kutoka Nakuru hadi Naivasha hujaa magari, nyama choma na vijana wanaotambua sauti ya injini kabla gari halijaonekana. Ogier wanamjua. Rovanperä wanamjua. Lakini waulize Shekhar Mehta alikuwa nani, wengi watakutazama tu. Huyu ni msee aliyeshinda Safari mara 5, nne kati ya hizo mfululizo, na somo lake linafaa kila mtu anayeshika usukani kwenye miteremko yetu ya Bonde la Ufa.

Mehta alizaliwa Uganda Juni 1945, katika familia ya Wahindi wafanyabiashara yenye jina kubwa. Angeweza kukaa ofisini ahesabu mali ya wazee. Yeye akapenda barabara. Mwaka wa 1971 tayari alikuwa amemaliza Safari akiwa wa pili, nyuma ya Edgar Herrmann. Wote wawili waliendesha Datsun 240Z, gari jepesi la spoti lenye milango miwili kutoka Japani.

Halafu mambo yakaharibika. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wafunganye watoke Uganda. Familia ya Mehta ikapoteza makao, naye akahamia Kenya. Hebu fikiria: una umri wa miaka 27, nchi uliyozaliwa imekufukuza, na unaanza upya kwa majirani. Miezi minane tu baadaye, Aprili 1973, akaingia tena kwenye Safari na 240Z, msaidizi wake akiwa Lofty Drews.

Mwaka huo ndio mashindano ya dunia ya magari, WRC, yalianza, na Safari ilikuwa ndani. Si mbio za kuzunguka Naivasha wikendi moja kama leo. Ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000, usiku na mchana, tope na vumbi, barabara zikiwa wazi kwa lori na ng'ombe. Mwisho wa safari, Mehta na Harry Källström wa Uswidi, aliyekuwa na Datsun pia, walikuwa na pointi sawa za adhabu: 406 kwa 406. Kanuni ikaangalia nani alikwenda mbali zaidi bila adhabu. Mehta akapewa ushindi.

Sasa tuongee kuhusu hiyo ndai. 240Z ilikuwa na injini ya lita 2.4, silinda 6, na uzito wa kilo 1,040 hivi ikitoka kiwandani. Mbele ilikuwa na breki za diski, nyuma za dramu. Diski zenyewe zilikuwa bapa la chuma lisilo na matundu ya kupitisha hewa katikati. Kwa mjini, poa. Kwa mteremko wa Mau, hapo ndipo hesabu huanza.

Breki haimezi mwendo, inaugeuza kuwa joto. Gari la kilo 1,040 likisimama kutoka kilomita 120 kwa saa linatoa takriban kilojuli 580, joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita moja na nusu ya maji ya chai. Ukiongeza mwendo mara 2, joto linaongezeka mara 4. Na ukiteremka mlima wa mita 500 ukitegemea breki pekee, ni kama kusimama hivyo mara 9 bila kupumzika. Hiyo ni sufuria ya lita 15 inayochemka kwenye magurudumu yako.

Joto likizidi, pedi zinapoteza mshiko. Mafuta ya breki nayo yanaweza kuchemka na kutoa mapovu, na kwa sababu mapovu hubonyea, unakanyaga pedali inazama hadi chini na gari halina habari. Mafuta hayo pia hunyonya maji polepole. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155.

Ndiyo maana uzito mdogo ni breki ya bure. Kila kilo unayoiacha nyumbani ni joto ambalo diski hazitalibeba. Angalia 1979: Mehta, sasa akiwa na Mike Doughty kwenye Datsun ndogo ya aina ya Violet, alimaliza mbele ya Hannu Mikkola aliyekuwa na Mercedes 450 SLC ya lita 5, silinda 8. Akarudia 1980, 1981 na 1982. Mwaka huo wa mwisho wa pili alikuwa Walter Röhrl, bingwa wa dunia. Kulikuwa na madereva wenye kasi kumliko. Sifa ya Mehta ilikuwa kulitunza gari hadi mwisho, kwa sababu Safari hukushindi ukiwa umeegesha mtaroni.

Wenye 240Z duniani bado wanaboresha breki zake. Njia moja maarufu ni kufunga kalipa za pistoni 4 kutoka Toyota Hilux 4x4 ya zamani. Inafanya kazi, ila ina mtego: ukiongeza nguvu mbele bila kupima nyuma, unaharibu mizani ya gari. Kwa hivyo anza na rahisi. Badilisha mafuta ya breki, toa hewa, weka pedi nzuri, kagua mipira inayopeleka mafuta, halafu tairi. Tairi likiteleza, kalipa ya bei gani itakusaidia?

Na kama huna gari la spoti, bado hili linakuhusu. Salgaa, Sachangwan, Migaa: majina haya tunayajua kwa sababu ya mazishi. Desemba 31, 2017 watu 36 walikufa Migaa basi lilipogongana na lori. Tabia moja iliyolaumiwa kwa miaka mingi kwenye mteremko huo ni madereva wa lori kuweka gia nyutro ili waokoe mafuta. Ukifanya hivyo umeifukuza injini kazini, na mlima wote umeubebesha breki. Weka gia nzito mapema, kabla ya mteremko, injini ishike gari. Breki ziachie kazi ya mwisho.

Mwaka wa 1987 Mehta aliumia vibaya kwenye mbio za Pharaohs kule Misri, na maisha yake ya udereva yakaishia hapo. Hakuuacha mchezo. Aliingia kwenye uongozi wa FIA, akasimamia tume ya mbio za magari za dunia. Mkewe Yvonne naye alikuwa wa mchezo huohuo, akiketi kando yake kama msomaji ramani. Alifariki London Aprili 2006, akiwa na miaka 60.

Safari ilirudi WRC mwaka wa 2021, na magari sasa hupita Soysambu na Elmenteita. Ukienda kutazama, usikae pale yanaponguruma kwenye nyoofu. Simama kwenye kona, mahali salama, uangalie dereva anaanza kukanyaga breki wapi.