Kitasato na Kijidudu cha Pepopunda

Shibasaburo Kitasato alikuwa daktari wa Japani. Alikwenda Ujerumani kujifunza kwa Robert Koch.

Pepopunda iliua watu wengi. Kijidudu chake hukaa udongoni, lakini wataalamu walishindwa kukitenga na vingine. Kitasato alivipasha moto vyote. Vingine vikafa, hicho kikabaki. Mwaka 1889 alikikuza mahali pasipo hewa, kwani penye hewa hakikui.

Kijidudu hicho kimewekwa katika ukoo uitwao Klostridiamu. Maana yake ni kijiti kidogo cha kusokotea uzi, kwa sababu ya umbo la vijidudu hivyo.

Kitasato alifariki mwaka 1931.

Sisi wa Chikongola hushika udongo kila siku. Msumari ukikuchoma, hewa haifiki ndani ya jeraha. Humo kijidudu hukua. Osha jeraha kwa maji na sabuni. Kisha nenda zahanati ukachanjwe.