Maisha ya Garrett Morgan, Mtu wa Zamu za Barabarani

Leo napenda kuwaelezeni, wasomaji wenzangu, habari za Garrett Morgan, Mmarekani mweusi aliyefariki zamani. Nina deni kwake, na deni lenyewe lilianzia Koboko, pale barabara ya Yumbe inapokutana na ile itokayo Arua kwenda Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini.

Nilikuwa darasa la pili la sekondari. Siku moja ya sherehe sisi skauti tuliombwa kusaidia kuongoza magari, nami nikapewa bendera mbili. Foleni ya Arua ilikuwa ndefu, malori kwa malori. Upande wa Yumbe palikuwa na bodaboda mmoja tu, amengoja mno. Nikamwonea huruma. Niliwasimamisha wa Arua, na papo hapo nikamwita yeye. Kumbe lori la mwisho lilikuwa bado katikati ya njia panda. Alivunjika mguu. Usiku ule sikulala, nikijiuliza nilikosa nini, maana zamu ilikuwa yake kwa haki.

Jibu nililipata katika kitabu cha maktaba, huku Arua nisomako sasa.

Morgan alizaliwa tarehe 4 Machi 1877 katika mji wa Paris, jimbo la Kentucky (msidhani ni Paris ya Ufaransa). Baba yake aliwahi kuwa mtumwa. Alipokuwa na miaka 14 aliondoka kwao akatafute kazi Cincinnati, na kwa ujira wake mwenyewe akamlipa mwalimu amfundishe. Mwaka 1895 akahamia Cleveland, akawa fundi wa cherehani, na mwaka 1907 akafungua duka lake.

Mwaka 1914 alipata hati ya uvumbuzi wa kofia ya kuzuia moshi. Kwa kuwa wazungu wengi hawakutaka kununua chombo cha mtu mweusi, alimwajiri mzungu ajifanye ndiye mvumbuzi! Mwaka 1916 handaki chini ya Ziwa Erie lililipuka, naye na ndugu yake Frank wakavaa kofia zile, wakashuka kwenye gesi, wakaokoa watu. Medali walipewa wengine.

Inasemekana aliona motokaa ikigongana na gari la farasi, ndipo akaanza kufikiri habari za njia panda. Wengi husema yeye ndiye aliyevumbua taa za kuongoza magari. Si kweli. London walikuwa na taa ya gesi mwaka 1868, na Cleveland penyewe palikuwa na taa za umeme tangu 1914. Chombo cha Morgan, alichopatia hati tarehe 20 Novemba 1923, kilikuwa nguzo ya umbo la herufi T, yenye mikono iliyoendeshwa kwa mpini. Njia moja ilipita, nyingine ikasimama, kisha zikabadilishana. Lakini kati ya zamu hizo mbili aliweka ya tatu: mikono huinuliwa juu, na pande zote husimama. Magari yaliyo katikati humalizika, waendao kwa miguu huvuka, ndipo zamu mpya huitwa.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu, nikatoka nje.

Na nani apewe zamu ifuatayo? Kwa Morgan iliamuliwa na macho ya mtu aliyeshika mpini. Siku hizi kazi hiyo mara nyingi hufanywa na sanduku la chuma kando ya barabara. Chini ya lami huzikwa waya uliozungushwa. Gari likifika juu yake, sanduku huandika ombi la upande ule. Aendaye kwa miguu hubonyeza kitufe. Wakati wa kubadili ukifika, sanduku huanzia zamu iliyo baada ya hii inayopita, huzitazama kwa mfuatano, na kuiita ya kwanza yenye ombi. Isiyo na ombi hurukwa. Pasipo ombi popote, kijani huweza kubaki palepale. Foleni ndefu huongezewa muda, gari baada ya gari, lakini upande mwingine ukiwa unangoja kuna kikomo, na kikifika lazima waachie. Hivyo hata pikipiki moja, mradi waya umeihisi, haingoji mpaka malori yaishe. Basi huruma yangu haikuwa kosa. Nilichokosa ni ile nafasi ya katikati: sanduku haliiti zamu inayokata njia ya mwenzake mpaka sekunde kadhaa za kusafisha njia panda zipite.

Morgan alipoteza sehemu kubwa ya nguvu ya macho mwaka 1943, akafariki Cleveland tarehe 27 Julai 1963.

Likizo iliyopita nilimwendea yule kaka wa bodaboda, nikamsimulia hayo yote, pamoja na mikono iliyoinuliwa. Anachechemea bado. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa nini sikufundishwa jambo hilo kabla ya kupewa bendera.