Napoleon Bonaparte na Nguvu ya Mkataba

Leo tunawaletea askari wenzetu wa jeshi na polisi maisha ya Napoleon Bonaparte, si kwa ajili ya vita vyake, bali kwa ajili ya kitabu chake cha sheria.

Alizaliwa Ajaccio, kisiwani Corsica, tarehe 15 Agosti 1769. Mwaka 1785, akiwa na umri wa miaka 16, alihitimu chuo cha kijeshi cha Paris akawa luteni-usu wa mizinga. Novemba 1799 alitwaa madaraka ya Ufaransa, nchi ambayo kusini ilizoea sheria za Kirumi na kaskazini mila za kila jimbo. Agosti 1800 aliwateua wanasheria 4 kuandika sheria moja kwa wote, na yeye mwenyewe akaongoza vikao vingi vya kuijadili. Tarehe 21 Machi 1804 kikatangazwa Kitabu cha Sheria za Madai, chenye vifungu 2,281.

Sehemu ya mikataba ilichotwa kwa wingi katika maandishi ya Pothier, hakimu wa Orléans, ya mwaka 1761. Kiini chake ni kwamba mapatano halali huwafunga waliopatana kama sheria. Yalitakiwa mambo 4: ridhaa, uwezo wa kisheria, jambo lililo wazi na sababu halali. Ridhaa iliyopatikana kwa vitisho au hila iliweza kutenguliwa. Upande mmoja ukikiuka, wa pili hakujichukulia haki. Alikwenda kwa hakimu kuomba mkataba utekelezwe, au uvunjwe na alipwe fidia. Dosari haikukosekana: mke hakuweza kufunga mkataba bila idhini ya mumewe.

Aprili 1814, baada ya kushindwa vitani, Napoleon alifunga mkataba wa Fontainebleau: aache kiti cha enzi, apewe kisiwa cha Elba na faranga milioni 2 kila mwaka kutoka Ufaransa. Kiti alikiacha, fedha hazikulipwa, na baina ya wafalme hapakuwa na hakimu. Deni hilo likawa mojawapo ya sababu za yeye kuvunja ahadi yake. Tarehe 26 Februari 1815 aliondoka Elba na askari wapatao elfu moja. Tarehe 18 Juni maelfu ya watu wakaangamia Waterloo. Alifariki uhamishoni St Helena tarehe 5 Mei 1821.

Himaya yake ilitoweka, kitabu kikabaki. Kupitia Ubelgiji, misingi yake ya mikataba iliingia Kongo kwa amri ya tarehe 30 Julai 1888.

Sisi tunaobeba silaha hukopa, hupanga nyumba na huwadhamini wenzetu; tusome kabla ya kutia sahihi. Na tukiombwa na mdai tumtishe mdaiwa wake, tukumbuke kwamba deni la mkataba ni shauri la mahakama, wala halidaiwi kwa bunduki.