Kinyanjui wa Dagoretti na vita vya wenyewe

Ukishuka Kariokor, jua hilo jina ni kovu la vita. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliowabebea Waingereza mizigo wakipigana na Wajerumani wa Tanganyika kuanzia 1914.

Sasa sikia ya Kinyanjui wa Gathirimu. Hakurithi uchifu, maana Wakikuyu hawakuwa na machifu. Alishirikiana na Waingereza walipofika Dagoretti, nao wakamfanya chifu mkuu. Lakini cheo kilikuja na deni. Mwaka wa 1917 serikali ilipotaka wanaume kwa maelfu, machifu ndio waliotakiwa kuwatoa. Wapagazi zaidi ya 40,000 hawakurudi. Wengi waliuawa na magonjwa, si risasi. Vita viliisha Novemba 1918, na hakuna chifu aliyekuwa ameulizwa kama viendelee au vikome. Kinyanjui alifariki 1929.

Leo je? KDF iliingia Somalia Oktoba 2011. Katiba inataka Bunge liidhinishe wanajeshi kutumwa nje. Kwa hivyo usiseme hayo ni ya wakubwa. Mbunge wako, awe wa Dagoretti Kaskazini au Kusini, ana sauti ambayo Kinyanjui hakuwa nayo. Ushawahi kumuuliza anaitumiaje?