Jean Servais Stas: Mwanakemia aliyeitafuta sumu mpaka akaipata

Katika mitaa na vijiji vyetu vya mashariki, mtu akifa ghafula, neno sumu hutamkwa mara nyingi kabla hata jeneza halijapatikana. Mmoja anamtaja jirani, mwingine anamtaja mke mwenza, mwingine anakumbuka kinywaji ambacho marehemu alikaribishwa juzi. Kutoka hapo mtu anafukuzwa, nyumba yake inachomwa, na wakati mwingine damu inamwagika, huku hakuna aliyejua kwa hakika kitu gani kilimwua marehemu. Kwa sababu hiyo tunawaletea leo, wasomaji wapendwa, maisha ya Jean Servais Stas, Mbelgiji aliyewapa mahakimu njia ya kujua.

Stas alizaliwa tarehe 21 Agosti 1813 mjini Leuven, miaka 17 kabla ya Ubelgiji kupata uhuru wake. Alisomea udaktari, lakini moyo wake ulivutwa na kemia. Akiwa bado kijana, yeye na Laurent-Guillaume de Koninck walitoa katika ganda la mizizi ya mtofaa kitu kipya kilichoitwa floridzini. Mwaka 1837 alikwenda Paris kufanya kazi katika maabara ya Jean-Baptiste Dumas, mmoja wa wanakemia wakubwa wa Ufaransa. Huko waliteketeza almasi ndani ya oksijeni ili kupima upya uzito wa atomu ya kaboni. Mwaka 1840 alirudi nyumbani akawa mwalimu wa kemia katika Shule ya Kijeshi ya Kifalme mjini Brussels. Hakuna aliyetazamia kwamba mtu huyu wa mizani atakuja kuitwa katika kesi ya mauaji.

Ili tuelewe alichokifanya, tujue kwanza hali ya elimu ya sumu wakati ule. Sumu iliyoogopwa zaidi Ulaya ilikuwa arseniki, nayo ilikuwa imekwisha kupatiwa dawa yake mahakamani: mwaka 1836 Mwingereza James Marsh alitangaza kipimo cha kuionyesha hata ikiwa kidogo sana. Arseniki haiteketezwi kwa moto wala kwa asidi kali. Mchunguzi aliweza kuunguza nyama ya maiti mpaka ikaisha, na arseniki ikabaki. Lakini zilikuwapo sumu nyingine, zile za mimea, zinazoitwa alkaloidi: morfini ya afyuni, striknini, na nikotini ya tumbako, ambayo ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1828. Kinini, ambayo wakaaji wa Kivu wanaifahamu kutokana na mashamba ya kinkina, ni ya jamaa hiyo hiyo, ingawa yenyewe ni dawa. Ukiunguza nyama ili kutafuta alkaloidi, unaiteketeza na yenyewe. Kwa hiyo wataalamu wengi walikuwa wamekata tamaa. Aliyeua kwa mmea aliweza kulala usingizi bila hofu.

Tarehe 20 Novemba 1850, katika jumba la Bitremont, kijijini Bury, upande wa magharibi wa Ubelgiji, alikufa kijana mmoja aitwaye Gustave Fougnies. Alikuwa amekatwa mguu na afya yake ilikuwa dhaifu, lakini alikuwa na mali aliyorithi kwa baba yake. Dada yake Lydie alikuwa mke wa bwana wa jumba lile, Hippolyte Visart de Bocarmé, mtu wa ukoo mkubwa mwenye madeni makubwa pia. Mume na mke walikuwa wakitazamia kwamba shemeji huyo mgonjwa atakufa mapema na kuwaachia mali. Kisha Gustave akatangaza kwamba anataka kuoa. Siku ile alikaribishwa chakula. Watoto hawakuketi mezani, na Lydie aliandaa chakula mwenyewe badala ya kuwaachia watumishi. Jioni Gustave alikuwa amelala sakafuni, amekufa.

Wenye nyumba walisema amepatwa na kiharusi. Lakini watumishi walishangaa. Siki ilimiminwa kinywani mwa maiti na mwilini mwake, nguo zake zilifuliwa usiku ule ule, na mbao za sakafu ya chumba cha kulia zilisuguliwa na kukwanguliwa. Habari zilimfikia hakimu mpelelezi wa Tournai. Madaktari waliofungua maiti waliona kinywa kimeungua, wakadhani ni asidi. Hakimu hakutosheka na dhana hiyo. Aliagiza viungo vya ndani vitiwe katika vyombo vyenye alkoholi, vikafungwa vizuri na kupelekwa Brussels kwa Stas.

Hapo ndipo kazi ilianza, na ilichukua majuma mengi. Stas hakuambiwa atafute nikotini, hakuna aliyejua. Alijaribu kitu kimoja baada ya kingine. Alinusa siki, akaelewa kwamba siki peke yake haitoshi kumwua mtu kwa namna ile. Alipoongeza potasi katika maji aliyoyapata kwenye viungo, harufu kali ya tumbako ikajitokeza. Sasa alihitaji kukitenga kitu chenyewe, kionekane kwa macho.

Njia aliyoipata inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Alkaloidi ikiwa pamoja na asidi inayeyuka katika maji na katika alkoholi. Basi Stas alisaga nyama, akaitia alkoholi yenye asidi kidogo, akaipasha moto taratibu na kuichuja. Mafuta na sehemu kubwa ya uchafu wa mwili vikabaki kwenye chujio, sumu ikapita. Kisha akaongeza potasi ili kuondoa nguvu ya asidi. Alkaloidi ikikosa asidi haiyapendi maji tena, bali hukimbilia etha. Akatia etha, akatikisa chupa, akaacha itulie. Etha ikapanda juu ikiwa imebeba sumu, naye akaitenga na kuiacha ipeperuke hewani. Kilichobaki kilikuwa kimiminika cha mafuta chenye harufu na ukali wa nikotini. Alikipima kwa kila kipimo kilichojulikana, na majibu yalikuwa yale yale.

Tazameni jambo moja la kushangaza. Siki ambayo Bocarmé aliimimina ili kuficha harufu ya tumbako ni asidi. Na asidi huishika nikotini isipeperuke. Kile alichokitumia kufunika kosa lake kilisaidia kulihifadhi.

Hata hivyo Stas hakusimama mbele ya watu kumtaja mwuaji. Kazi yake ilikuwa kusema ni kitu gani kilichomo mwilini, si nani alikitia. Alimjulisha hakimu kwamba ni nikotini, na hakimu akarudi Bitremont kuuliza habari za tumbako. Fundi wa bustani akaeleza kwamba bwana wake alikuwa amefanya kazi ya kukamua majani mengi ya tumbako, akidai kwamba anatengeneza manukato. Ikajulikana pia kwamba Bocarmé alikwenda Ghent kumwuliza mwalimu mmoja wa kemia jinsi nikotini inavyotolewa, naye alitumia jina la uongo. Vyombo vya kazi hiyo vilikutwa vimefichwa jumbani. Naye Stas alipochunguza mbao za sakafu ya chumba cha kulia, alikuta nikotini humo pia.

Kesi ilisikilizwa mjini Mons mwaka 1851. Bocarmé alikiri kwamba alitengeneza nikotini, lakini akasema mke wake alikosea chupa. Mke alisema alilazimishwa na mumewe. Baraza lilimwachilia mke na kumhukumu mume, naye akakatwa kichwa kwa gilotini tarehe 19 Julai mwaka huo. Leo wengi wetu tunahuzunishwa na adhabu ya namna hiyo. Lakini jambo la kuangalia ni hili: hakuhukumiwa kwa uvumi wa kijiji. Kila neno la watumishi lilipimwa kwa kitu kilichoonekana, na kitu kilichoonekana kilipimwa kwa maneno ya watumishi.

Njia ya Stas ilienea haraka. Mwaka 1856 Mjerumani Friedrich Julius Otto aliiboresha kwa kusafisha kwanza mafuta yaliyosalia, na tangu hapo inaitwa njia ya Stas na Otto. Baada ya miaka kadhaa likatokea onyo. Katika miaka ya 1870 Francesco Selmi, mwanakemia wa Bologna nchini Italia, alionyesha kwamba maiti inapooza hutoa yenyewe vitu vinavyofanana na alkaloidi. Maana yake, mchunguzi mwenye haraka angeweza kuona sumu mahali ambapo hapakuwa na sumu, na mtu asiye na kosa akahukumiwa. Kipimo kimoja hakitoshi.

Stas mwenyewe aliijua hatari hiyo ya kuona unachotaka kuona. Kazi iliyompa sifa kubwa kati ya wataalamu haikuwa kesi ya Bocarmé bali kupima uzito wa atomu. Mwingereza William Prout alikuwa amefundisha kwamba uzito wa kila atomu ni uzito wa hidrojeni mara namba kamili. Stas alianza akiwa na imani kubwa katika fundisho hilo. Akapima fedha, klorini, potasiamu na vingine kwa uangalifu ambao haujawahi kuonekana. Katika matokeo aliyoyatangaza mwaka 1860 na 1865, mizani yake ilimwonyesha kwamba fundisho si kweli, naye akasema hivyo wazi. Ugonjwa wa koo ulimwondolea nguvu ya kufundisha, akaacha ualimu mwaka 1869. Mwaka 1885 alipewa huko London nishani ya Davy. Alikufa Brussels tarehe 13 Desemba 1891, akazikwa Leuven.

Katika maabara za leo kuna mashine ambazo Stas hakuziota, lakini kabla ya damu au ini kuingia katika mashine, mara nyingi sumu hutolewa kwa kanuni ile ile: kubadili asidi, kutikisa, kutenga. Na maswali ni yale yale. Kitu gani kimo? Ni kiasi gani? Je, marehemu alikuwa anakinywa kama dawa? Kukuta kinini katika mwili wa mgonjwa wa malaria si ushahidi wa mauaji.

Basi, ndugu, msiba unapotokea na neno sumu linapoanza kuzunguka uani, kuna mambo ambayo familia na wazee wa kanisa wanaweza kufanya. Kikombe na mabaki ya chakula visioshwe. Maiti ipelekwe hospitali, na daktari aombwe kuchukua damu, mkojo na vilivyomo tumboni kabla dawa ya kuhifadhi maiti haijatiwa, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuharibu uchunguzi. Wenye mamlaka wajulishwe. Na ikiwa maabara iko mbali au haipo, tukubali kusema kwamba hatujui. Jirani asiyethibitishwa kuwa na kosa hana kosa. Stas alikuwa na mwili mezani pake na nchi nzima ikingoja nje, naye hakusema neno mpaka etha ilipompa jibu. Sisi ambao hatuna hata chupa moja mkononi, tutamtaja mtu kwa haki gani?