Siti binti Saad: Mgeni Aliyeuimbia Mji

Mtoto aliyezaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, alipewa jina la Mtumwa. Jina hilo lilikuwa pia hali yake, kwani wazazi wake walitokana na watu wa bara waliokuwa katika utumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, lakini sheria haikufuta mazoea ya kuulizana jadi. Msichana huyu alijifunza ufinyanzi kwa mamaye, akawa anatembeza vyungu kwa miguu na kuvinadi kwa sauti ambayo watu walianza kuitambua kabla ya kumwona mwenyewe.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Mji wa Unguja wakati huo ulikuwa na ngazi zake: ustaarabu ulipimwa kwa nasaba, na Kiarabu kilihesabiwa kuwa lugha ya watukufu. Taarab, iliyoingia katika kasri ya Sultani Barghash kutoka Misri, iliimbwa kwa Kiarabu, na chama cha Ikhwani Safaa, kilichoundwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume. Kwa mwanamke, tena wa shamba, tena mzawa wa watumwa, mlango huo ulikuwa umefungwa mara tatu.

Aliyemfungulia ni Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemfunza kuimba. Siti akaunda kikundi pamoja na akina Subeit bin Ambar na Maalim Shaaban, na baada ya muda wale wale waliouliza jadi yake wakawa wanamwalika majumbani mwao. Wivu haukukawia. Ulitungwa wimbo wa kumkumbusha kwamba alitoka shamba na kaniki yake. Hakuukana ushamba huo, wala hakujitafutia nasaba ya kubuni kama walivyofanya wengi. Alijibu kwa wimbo uliohoji thamani ya sura na ukoo mbele ya akili. Kwa maoni yangu, jibu hilo lina uzito kuliko sifa zote alizopewa baadaye.

Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, nyingi kwa Kiswahili. Sisi wanafunzi wa fasihi humjua zaidi kupitia wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert, ambamo maadili yake hutangulizwa mno. Ukali wake tunausahau. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unasimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Muuaji alitorokea bara, ilhali wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio waliofungwa kwa sababu ya pombe. Siti aliyaimba hayo hadharani, akawataja wahusika, katika mji ambao heshima ya mwanamke ilikuwa kunyamaza. Naye alijua mgeni hupimwaje mjini humo.

Nyumba yake ilikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, walikoishi wengi wa wazawa wa watumwa. Huko ndiko watu walikokusanyika jioni kusikiliza mazoezi na kujadili habari za siku, ambazo baadhi yake ziligeuka nyimbo.

Alifariki mwezi Julai 1950. Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aliyejifunza kwa kumsikiliza, aliendelea kuimba nyimbo zake kwa miongo mingi hadi uzeeni, kabla ya kufariki mwaka 2013. Kijiti ulikuwa mmojawapo.