Ohm, Mwanachuo Aliyeponzwa na Biliadi

Mwaka wa kwanza nilikula sapu ya umeme. Sikushangaa sana, maana muhula mzima nilikuwa naikariri ile pembetatu ya V, I na R bila kujiuliza imetoka wapi. Likizo ile wenzangu wako makwao, mimi nimebaki hosteli na madaftari, ndipo nikaanza kumsoma mwenye kanuni, Georg Simon Ohm. Nilitegemea kukutana na kipanga. Nikakutana na jamaa ambaye chuo kilimshinda kwanza.

Alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 mjini Erlangen, Bavaria. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli, hana shule ya maana, ila alijisomea hisabati mwenyewe mpaka akawafundisha wanawe, Georg na Martin, pale nyumbani. Mama alifariki Georg akiwa na miaka kumi. Mwaka 1805 akaingia Chuo Kikuu cha Erlangen, na hapo ndo mambo yakaanza: dansi, kuteleza kwenye barafu, biliadi. Mzee akaona jasho lake linachezewa. Baada ya mihula mitatu akamtoa chuoni, kijana akaenda Uswisi kufundisha hesabu shuleni. Kwa lugha yetu ya mabwenini, aliyemdisko ni baba yake mzazi.

Kule Uswisi alijisomea kimyakimya. Mwaka 1811 akarudi Erlangen na mwaka huohuo akapata udaktari. Ajira sasa! Alihangaika na vibarua vya ualimu vyenye mshahara wa kubana, hadi mwaka 1817 alipopata shule moja Cologne yenye maabara nzuri ya fizikia.

Hapo Cologne ndipo penye utamu. Betri za enzi zile zilikuwa na kigeugeu: ukianza kupima tu, nguvu inashuka. Mwaka 1825 Ohm alichapisha kanuni ambayo haikuwa sahihi. Akashauriwa aachane na betri, atumie vipande vya metali mbili, bismathi na shaba, vilivyounganishwa ncha kwa ncha. Kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka, kingine kwenye barafu. Maadamu maji yanachemka na barafu haijaisha, volteji haitikisiki. Kisha akaunganisha nyaya nane za shaba, unene mmoja ila urefu tofauti, waya mmoja baada ya mwingine, huku akiangalia sindano ya sumaku iliyoning'inia inavyosukumwa na mkondo. Waya ukirefuka, mkondo unapungua, tena kwa mpangilio unaoandikika kwa hesabu. Ile R niliyokuwa naikariri ndiyo hiyo: volti gawanya kwa ampea.

Chukua koili ya kuchemshia maji. Ukiipa volti 230 ikavuta ampea 5, ukinzani wake ni omu 46, na nguvu yake, volti mara ampea, ni wati 1,150. Umeme ukishuka hadi volti 180, koili ni ileile, lakini sasa inavuta kama ampea 3.9 na kutoa wati 704 hivi. Chai utaingoja sana. (Habari za joto la waya si za Ohm, alizipima Mwingereza James Joule mwanzoni mwa miaka ya 1840.)

Chumbani kwetu tulikuwa wanne, ekstensheni moja, koili mbili. Kiungo cha plagi kilikuwa kimelegea. Hesabu niliifanya baadaye: kiungo kikiwa na omu 1 tu, koili zote mbili zikiwaka, wati zipatazo 90 zinaishia kwenye plagi badala ya kwenye maji. Plastiki iliyeyuka saa nane usiku, na aliyezinduka kwa harufu alikuwa mmoja tu kati yetu.

Turudi kwa Ohm. Aliomba likizo ya nusu mshahara, akaenda Berlin kwa mdogo wake Martin, na mwaka 1827 kitabu chake kikatoka. Wakubwa wengi wa elimu huko kwao wakakipokea kwa ubaridi, wengine kwa kejeli. Mwaka 1828 akaacha kazi ya Cologne, akawa anafundisha kwa ujira mdogo Berlin hadi alipopata nafasi Nuremberg mwaka 1833. Binafsi hapa ndipo ananiuma: jibu analo mkononi, lakini hakuna anayemsahihishia.

Waingereza ndio waliomwinua, kwa kumpa medali ya Copley mwaka 1841. Kiti kamili cha fizikia alichokitamani tangu ujana alikipata Munich mwaka 1852, akiwa na miaka 63. Alikikalia miaka miwili tu, akafariki tarehe 6 Julai 1854. Hakuwahi kuoa. Mwaka 1881 mkutano wa wanaumeme mjini Paris ukalipa jina lake kipimo cha ukinzani, nacho huandikwa kwa herufi ya Kigiriki Ω, kwa sababu O ingesomeka kama sifuri.